Mtoto Anayekoroma Usiku

 

Mtoto akikoroma, wengi wetu husema, "Mwacheni, amelala fofofo." Leo nawaomba msikilize tena.

Mama mmoja alinijia kliniki na mvulana wa miaka 5. Mwalimu alilalamika kwamba anasinzia darasani. Nyumbani alikojoa kitandani, na alichapwa kwa hilo. Nikamwuliza mama, "Usiku anapumuaje?" Akajibu, "Sista, anakoroma kama mzee, ananyamaza kabisa, halafu anashtuka."

Sababu ni nini? Ulimi umeshikamana na taya la chini. Taya likiwa dogo au likikaa nyuma, ulimi nao hurudi nyuma na kubana njia ya hewa. Usingizini misuli hulegea, na njia huzidi kuwa nyembamba. Tonsili na nyama za nyuma ya pua zikivimba, kama ilivyokuwa kwa mvulana huyu, hewa hukatika. Ubongo humwamsha mtoto mara kwa mara ili apumue. Kukicha, amechoka.

Mama, mwangalie mtoto akiwa amelala. Je, anakoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki, hata bila mafua? Anapumua kwa mdomo? Pumzi inakatika? Anatokwa jasho jingi? Mpeleke kituo cha afya, ueleze uliyoyaona. Anaweza kutumwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa meno.

Tafadhali, usimpeleke kukatwa kimio. Kimio si chanzo cha shida hii, na kisu hicho huleta damu nyingi, pepopunda, hata kifo. Usimchape kwa kukojoa kitandani. Na asilale penye moshi wa kuni au sigara.

Mtoto mchanga mwenye kidevu kidogo sana, anayehangaika kupumua au kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akigeuka rangi ya buluu midomoni, usingoje hata kidogo. Namna ya kumlaza mtafundishwa huko, msijaribu wenyewe.

Yule mvulana alitolewa tonsili na nyama za nyuma ya pua. Mama yake aliniambia, "Sista, usiku wa kwanza kimya kilinitisha, nikaamka kumgusa." Alikuwa akipumua vizuri.

Leo usiku, kabla hujazima taa, simama kidogo umsikilize mwanao.