Jina la Chuo na Ajira za Benki za Uwekezaji
Benki za uwekezaji za New York, yaani taasisi zinazozisaidia kampuni na serikali kupata mtaji kwa kuuza hisa na hatifungani, na kuzishauri kampuni zinapoungana au kununuana, kwa muda mrefu zimetafuta waajiriwa wapya katika vyuo vikuu vichache, kikiwemo Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 2015, mwanasosholojia Lauren Rivera alionyesha kuwa waajiri wa aina hii huandaa orodha ya vyuo teule, huvitembelea na kuwasaili wanafunzi wake, huku waombaji wengi wa vyuo vingine wakiwekwa kando hata kabla uwezo wao haujapimwa. Mwaka 2016 Goldman Sachs, mojawapo ya benki hizo, ilitangaza kuacha usaili wa awali vyuoni na kutumia usaili wa video, hatua iliyopanua wigo wa waombaji. Hata hivyo, nafasi za mafunzo kazini ya kiangazi, ambayo ndiyo njia kuu ya kuelekea ajira ya kudumu, bado huwafikia kwa urahisi zaidi wanafunzi wanaopendekezwa na wahitimu waliowatangulia. Kipaji hakigawanywi kwa orodha ya vyuo, na haki inadai kila mwombaji apimwe kwa uwezo wake.