Deni la Wamara: Vijana Wetu na Filamu Yao Fupi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ijumbi)



Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni mafaili na mihutasari ya vikao. Leo nitawapumzisha na mambo hayo. Kamati imeniomba nieleze jinsi vijana wa shule hii walivyotengeneza filamu fupi kutokana na hadithi ya Wamara, kwa kuwa nilikuwa mlezi wao katika shughuli hiyo.

Wenye umri wangu wanaijua hadithi. Kwa faida ya waliokulia mjini, naieleza kwa kifupi. Wamara, mtawala wa kale katika masimulizi ya Wahaya, alishuka na wenzake chini ya ardhi hadi kwa Kintu. Huko walikirimiwa, wakapewa ng'ombe na mbegu, wakaahidi kurudi na malipo. Walipofika nyumbani neema ikazidi, na ahadi ikasahauliwa. Ndipo Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, kwenda kudai. Masimulizi hutofautiana mahali na mahali, lakini kiini chake ni deni hilo.

Ndugu Mwenyekiti, mswada wa kwanza wa vijana ulimwonyesha Kintu akiwa na pembe na macho mekundu, kama mashetani wa sinema za nje. Niliwashauri waende kwanza kwa mzee mmoja anayeifahamu hadithi vizuri. Mzee akawapa kahawa ya kutafuna kama ada, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Huyo mwenye pembe ni nani? Kintu hakuiba wala hakudanganya. Alitoa mali yake, akangoja. Ubaya wake uko wapi?" Vijana hawakuwa na jibu. Walirudi shuleni wakaandika upya. Katika filamu iliyokamilika Kintu haonekani kabisa. Inasikika sauti yake tu, na mkono wake unaonekana ukitoa mbegu.

Jambo la pili lilihusu wazazi. Baadhi yao waliuliza kama watoto wanafundishwa kuwaabudu Bachwezi. Swali hilo lilikuwa la haki, nasi hatukulidharau. Tuliitisha kikao, tukakubaliana kwamba hatutapiga picha mahali popote pa matambiko, hatutafanya ibada yoyote hata kwa kuigiza, na mtoto ambaye mzazi wake hataki hatashurutishwa. Wazazi wawili hawakuridhika. Mtoto wa mmoja wao ndiye aliyekuwa ameteuliwa kuwa Wamara, na kwa kweli hatukupata mwingine mwenye sauti kama yake. Hata hivyo alitoka bila lawama, na hakuna mwalimu wala mwenzake aliyemsema. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa filamu ilipungukiwa.

Sasa niseme kidogo juu ya ufundi, kwa ajili ya vijana watakaopenda kujaribu. Chombo chetu kilikuwa simu moja iliyowekwa juu ya kigoda ili isitikisike. Kuzimu tulikupata ndani ya nyumba ya msonge, saa sita mchana, mlango ukiwa wazi kidogo tu. Mwanga mwembamba ulioingia ulitosha. Sauti zilinaswa baadaye ndani ya darasa, maana nje upepo ulimeza maneno yote. Ng'ombe tuliopewa walikuwa wanne. Tuliwapitisha mbele ya kamera mara tatu, wakawa kundi la mtawala! Filamu nzima ni ya dakika 11.

Lakini lililonigusa zaidi ni neno la yule mzee wakati wa kuagana. Alisema: "Wengi wamekuja kuuliza. Nanyi mkishachukua, mtarudi?"

Ndugu zangu, swali hilo ni zito. Mwaka 1910 Mjerumani Hermann Rehse alichapisha kitabu juu ya Kiziba. Mwaka 1986 Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya tenzi zinazoimbwa kwa nanga. Mwaka 1988 ilitoka filamu iitwayo The Tree of Iron, aliyoshiriki mwanaakiolojia Peter Schmidt, ikiwaonyesha wazee wa Kihaya wakiyeyusha chuma kwa njia ya jadi. Kazi hizo ni hazina. Lakini ni wangapi katika ukumbi huu wameiona filamu hiyo, au kukishika kitabu hicho? Na huko vijijini je, kwa watu ambao habari zao zimo ndani yake?

Kwa hiyo vijana walikata shauri kwamba filamu yao ionyeshwe kwanza nyumbani kwa mzee, kabla ya kuonyeshwa shuleni. Shuka jeupe lilitundikwa kibanjani, majirani wakakusanyika. Mzee aliitazama, akasahihisha jambo moja: mbegu haipokelewi kwa mkono mmoja. Wiki iliyofuata sehemu ile ilipigwa upya, Wamara akapokea kwa mikono miwili.

Ninayo maombi matatu kwenu. Kwanza, tuchangie kinasa sauti na projekta, ili kazi hii isitegemee simu ya mtu mmoja. Pili, kila filamu itakayotengenezwa hapa, nakala yake ibaki kijijini ilikotoka hadithi. Tatu, tutakaporudi nyumbani Krismasi, kila mmoja wetu amwendee mzee wa ukoo wake, amsikilize na kuandika. Tukingoja likizo nyingine, huenda tukakuta wa kuulizwa hayupo.

Nanyi vijana, kazeni moyo. Hadithi zimebaki nyingi: iko ya Mugasha wa ziwani, iko ya Rugomora Mahe na mnara wake wa chuma. Nendeni mkaulize, na mkishapewa, mrudi.