Kuhara Kusikokoma Si Uvivu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Leo hatukusimama kusema habari ya mishahara. Twataka kusema jambo ambalo watu huliona haya, nalo ni kuhara. Si kuhara kwa siku mbili tatu baada ya kula chakula kibovu, bali kule kunakopita wiki 4 na kuendelea.

Sisi wa reli twajua taabu yake. Gadi wa treni ya mizigo hawezi kuisimamisha njiani ili aingie kichakani. Mwenzetu mmoja, gadi, alipasuliwa akatolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe. Kidonda kikapona, akarudi kazini. Lakini tangu hapo, kila akila tumbo lilimwendesha. Akawa hali kitu kabla ya zamu, akafanya kazi na njaa. Msimamizi akampa barua ya onyo kwamba anatoroka kazi. Nasi wenzake tulimcheka. Kosa hilo ni letu, na leo twalikiri.

Alinunua vidonge vya amiba dukani mara nyingi, bure. Mwishowe daktari akapima choo chake, asione amiba wala minyoo. Ndipo akamwuliza, "Umepata kupasuliwa tumbo?"

Maelezo ya daktari ni haya. Nyongo hutoka katika ini, na kazi yake ni kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Kazi ikiisha, sehemu kubwa hunyonywa mwisho wa utumbo mdogo, ikarudi katika ini, kama mabehewa yarudivyo yadi kupakiwa tena. Ikipita nyingi mno mpaka utumbo mkubwa, huvuta maji, na mtu huhara. Hali hii huwapata baadhi ya watu waliotolewa mfuko wa nyongo, au waliokatwa mwisho wa utumbo mdogo, na pengine hata wasiopasuliwa kamwe.

Dawa yake moja ni unga uitwao kolestiramini. Hauingii katika damu. Huishika nyongo humo tumboni, vikatoka pamoja na choo. Hukorogwa katika maji, haumezwi mkavu. Tena waweza kushika dawa nyingine pia, kwa hiyo hizo zimezwe saa nzima kabla yake, au zikipita saa 4 hadi 6 baadaye. Ukizidi hufunga choo. Basi kipimo kitoke kwa daktari, si kwa jirani. Na mwenye kuhara damu, au mwenye homa, au anayekonda, aende hospitali upesi, maana huenda ni ugonjwa mwingine.

Mwenzetu sasa anakula, na zamu yake anaimaliza.

Ndugu, haki yetu iko katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 30. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, hustahili siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini cheti hakipatikani kwa kujificha. Nenda kwa daktari, mweleze yote, hata operesheni ya zamani. Ukipewa barua ya onyo, usiiweke mfukoni kimya. Ilete kwa katibu wa tawi ijibiwe.

Nasi tuliobaki, tuache kucheka.