Ngome ya Mombasa: Miezi 33 ya Kufungiwa

 

Sisi tunajua njia ikifungwa inakuwaje. Mwaka 1993, vita vilipoanza sokoni Ntoto na kupanda mpaka milima ya Masisi, watu waliacha mihogo na maharagi shambani wakakimbia. Leo nitakuelezea kufungiwa kwingine, kule Mombasa, pwani ya Kenya. Huko Wareno walianza mwaka 1593 kujenga ngome ya mawe, Fort Jesus, ili washike bandari na biashara ya bahari.

Tarehe 13 Machi 1696 Waarabu wa Oman walifika na meli zao wakaizunguka. Wareno ndani walikuwa wachache. Lakini Waswahili kwa mamia walikimbilia humo, pamoja na wanawake na watoto. Je, nani aliwaita kwenye shauri? Wakubwa wa Wareno walikaa Goa, kule India. Imamu alikuwa Oman. Wote mbali, njaa ndiyo ilikuwa karibu.

Nawe usifikiri mizinga ndiyo iliyoua zaidi. Mwaka 1697 ugonjwa uliingia ngomeni ukamaliza watu, Wareno karibu wote. Ukuta ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Huyo Daud alikuwa Mswahili. Na nje, upande wa Oman, walikuwako Waswahili pia. Lugha moja, dini moja, ukuta katikati. Msomaji, simama hapo kidogo, fikiri kilima chenu na kile cha jirani.

Baadaye msaada ulifika kutoka Goa, vita vikaendelea, watu wakazidi kufa. Desemba 1698 Waomani wakapanda ukuta, wakakuta walinzi wa kuhesabu kwa vidole. Siku chache tu baadaye meli nyingine za Goa zikatokea. Zikaona bendera ngeni juu ya ngome, zikageuka zikaenda zao.

Utauliza: basi wenyeji walipumzika? Mwaka 1728 Wareno walirudi. Mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe wakawafukuza, na Waomani wakarudi tena. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kufungiwa alikuwa sasa mtu mzima, na bendera ilikuwa imebadilishwa mara tatu juu ya kuta zilezile.