Namba Mlangoni: Kwa Nini Chuo Kikuu Kisome Riwaya ya Watoto



Nilipotangaza kwamba mhadhara huu utahusu Chain of Fire, riwaya ambayo mwandishi Beverley Naidoo aliitoa mwaka 1989 kwa wasomaji wa umri wa shule, mwalimu mwenzangu alinijia na pingamizi mbili. Ya kwanza: kitabu cha watoto hakina uzito wa chuo kikuu. Ya pili: kuwasomesha watoto habari za wanafunzi walioandamana ni kuwachochea.

Ya kwanza haitanichelewesha. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilikipiga marufuku kitabu kilichotangulia hiki, Journey to Jo'burg, hadi mwaka 1991. Dola haihangaiki na kitabu chepesi.

Ya pili ndiyo nitakayoijibu kwa urefu, maana wazazi wengi wa hapa Kalemie wanaiamini. Wanadhani fujo humwingia mtoto kupitia kitabu. Wapi! Mtoto aliyekulia Nyunzu au Manono wakati wa mapigano ya Wabatwa na Waluba ameona vijiji na shule zikichomwa kabla hajasoma hata ukurasa mmoja. Tukimnyima kitabu hatumkingi na lolote. Tunamwacha peke yake na yale aliyoyaona.

Tazameni riwaya inavyoanza. Wanakijiji wa Bophelong wanakuta milango yao imepakwa namba. Watahamishwa kwa nguvu kwenda Bophuthatswana, nchi bandia iliyotangazwa huru mwaka 1977 ili Waafrika wafanywe wageni katika ardhi yao wenyewe. Naidoo hatuhutubii kuhusu ubaguzi. Anatuonyesha rangi mbichi kwenye ubao wa mlango. Naledi, msichana wa miaka 15, jana alikuwa mtu wa Bophelong, leo ni mtu wa kuhesabiwa na kupakiwa. Wanafunzi wanapoandamana, na polisi wanapowatawanya kwa nguvu, msomaji ameshajua wanachokikataa: wengine kuwaamulia wao ni nani na waishi wapi. Mwandishi hakuyasikia haya kwa mbali. Yeye, mzungu wa Johannesburg, aliwekwa kizuizini mwaka 1964 kwa kupinga utawala wa makaburu.

Niliwasomea watoto wa darasa la sita hapa mjini sura hiyo ya mwanzo, nikiifasiri papo hapo. Baadhi yao familia zao zilikimbia vita. Mvulana mmoja akauliza: "Mwalimu, waliopaka namba walijuaje mlango huu ni wa nani?" Kabla sijajibu, msichana wa benchi la nyuma akasema: "Jirani aliwaonyesha." Nimesoma uhakiki mwingi wa fasihi ya Afrika Kusini, hakuna uliolifikia jibu hilo. Je, mtoto huyo amechochewa, au ameanza kujihadhari asije akawa yeye jirani huyo?

Nakubali kwamba kuandamana peke yake hakumtakasi mtu. Mei 1990, chuoni Lubumbashi, wanafunzi waliodai mageuzi waliwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 wakaja watu wenye silaha, na walionusurika walisimulia kwamba wanafunzi waliotoka mkoa wa rais wa wakati huo walikuwa na neno la siri la kuwaokoa. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Wanafunzi hao wote, waliopiga na waliopigwa, walikuwa wasomi. Ndiyo maana nashikilia kwamba somo hili lianze mapema, kabla mtoto hajafikia umri wa kuongoza maandamano au kushika panga.

Kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyoanza mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Watoto wetu huvaa sare, huimba, kisha hurudi nyumbani bila kuambiwa wenzao wa Soweto walikataa nini. Walimu wa mkoa wetu wa Tanganyika, nawaomba: siku hiyo wasomeeni sura moja ya riwaya hii, watoto wa Kibatwa na wa Kiluba wakiwa benchi moja, na wakiuliza, msiwanyamazishe.