Picha za Mtoto Mchanga: Nani Aone, Nani Asione

Mazungumzo kwa wazazi wanaohudhuria kliniki ya mama na mtoto

  

Kliniki ina mazungumzo yake ya kila siku: kumnyonyesha mtoto miezi 6 bila kumpa hata maji, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kumlaza ndani ya neti. Leo kuna jambo la kuongeza, nalo liko mkononi mwa karibu kila mtu aliyekaa hapa. Ni simu. Siku hizi mtoto hupigwa picha hata kabla hajakauka vizuri, na picha hiyo hufika Nairobi, Riyadh na Doha kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini.

Picha yenyewe haina ubaya. Familia nyingi hapa Pwani zina mtu aliye mbali: baba anayefanya kazi Qatar, dada aliye Saudia, kaka aliye chuoni bara. Kwa watu hao, simu ndiyo njia ya kumwona mtoto akicheka kwa mara ya kwanza. Bibi aliye kijijini, asiyeweza tena kupanda matatu, naye anatamani kumwona mjukuu wake. Hakuna anayemwambia mzazi amfiche mtoto kama kwamba ni aibu. Swali ni hili tu: picha inatumwa kwa nani, na itakomea wapi?

Wazee walikuwa na jibu lao kabla simu hazijaja. Mzazi alikaa ndani siku 40, na mtoto hakutolewa nje mpaka arubaini iishe. Waliomwona mapema walikuwa wachache na wakijulikana: mkunga, bibi, shangazi, jirani wa karibu. Wengine walisema ni kumkinga na kijicho, wengine walisema ni kumkinga na maradhi. Kwa vyovyote vile, mtoto alianza maisha akiwa kati ya watu wake, kisha akajulishwa kwa wengine polepole. Leo mama anaweza kuikaa arubaini yake yote ndani, huku sura ya mtoto imeshazunguka kaunti nzima.

Inazungukaje? Watu wengi hudhani picha huibwa na mtaalamu wa kompyuta. Mara nyingi sivyo. WhatsApp, kwa mfano, huufunga ujumbe unapokuwa njiani, hivi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Lakini kufuli hiyo hulinda njia tu. Picha ikishafika, iko mikononi mwa mwenye simu.

Chukua mfano wa kawaida. Mama anamtumia baba picha. Baba, kwa furaha, anaipeleka kwenye kundi la ukoo. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na katika ukoo mkubwa hakuna anayewajua wote. Shangazi anaichukua na kuiweka kwenye stetasi yake, ambapo mwenye duka, mwendesha bodaboda na dalali wa shamba wanaiona, kwa kuwa wana nambari yake naye ana zao. Binamu anaipandisha Facebook akimwombea mtoto baraka, na ukurasa wake uko wazi kwa yeyote. Kila mmoja amefanya kwa mapenzi, hakuna aliyekusudia mabaya. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Hasara ni zipi? Ya kwanza ni matapeli. Picha ya mtoto aliyelala hospitalini, akiwa na bendeji au mrija, inaweza kuchukuliwa na mtu asiyemjua, ikaandikiwa maneno kwamba mtoto anahitaji upasuaji, na chini ikawekwa nambari ya M-Pesa. Wasamaria wema watachanga, na mama wa mtoto hatajua lolote mpaka mtu ampigie simu kumpa pole.

Ya pili ni habari zilizomo ndani ya picha. Wazazi wengi humpiga mtoto picha kando ya kitabu cha kliniki au karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Kitabu cha mama na mtoto kina majina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, nambari ya simu na matokeo ya vipimo vya mama, kikiwemo cha virusi vya UKIMWI. Hizo ni siri za mama na mhudumu wake wa afya. Ukurasa ukipigwa picha, siri inakuwa ya kila mwenye simu.

Ya tatu ni nzito zaidi. Picha ya mtoto akiogeshwa huonekana ya kuchekesha kwa mamake. Kwa wale wanaotamani watoto kwa nia mbaya, hiyo ni bidhaa ya kukusanya na kubadilishana. Picha ya namna hiyo isitumwe kwa yeyote, hata kwa bibi.

Ya nne huchelewa kufika. Mtoto huyu atafikisha miaka 15. Atakuwa na marafiki, na atakuwa na maadui wa shuleni. Picha yake akilia bila nguo itakuwa bado iko mahali fulani, na yeye hakuulizwa.

Sheria za Kenya zimeliona jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia habari za mtoto, picha zikiwemo, bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo chekechea, hospitali, studio ya picha au duka la nguo za watoto likitaka kuitangaza sura ya mtoto, ni lazima liombe ruhusa, na mzazi ana haki ya kusema hapana.

Lakini sheria hiyo hiyo haiingii katika mambo ya nyumbani tu, baina ya watu wa familia. Hakuna afisa atakayekuja kuamua kati ya mama na wifi yake. Ndani ya nyumba, kinachomlinda mtoto ni makubaliano. Na makubaliano hayo ni mepesi yakifanywa mapema, magumu picha ikishatoka.

Baba na mama waanze wao wawili, ikiwezekana kabla ya uchungu kuanza. Wakubaliane nani atapewa habari kwanza. Ugomvi mwingi huzaliwa pamoja na mtoto, pale babu anapojua kutoka kwa jirani kwamba amepata mjukuu. Wapigiwe simu wazee wa pande zote mbili, ndipo picha zianze kutumwa.

Kisha waunde kundi dogo la picha za mtoto peke yake, tofauti na lile la ukoo. Waingie wale ambao wangeruhusiwa kuingia chumbani siku ya tatu baada ya kujifungua. Mama au baba awe msimamizi, na aweke mpangilio kwamba msimamizi pekee ndiye anayeongeza watu. Ujumbe wa kwanza uwe kanuni yenyewe, kwa maneno mafupi: picha za hapa ni za hapa, zisitumwe kwingine, zisiwekwe stetasi.

Kwenye simu yenyewe kuna mambo ya kurekebisha. Kamera izimwe uwezo wa kurekodi mahali, ili picha isibebe ramani ya nyumba. Anayependa stetasi aingie kwenye mipangilio ya faragha na kuchagua watu wachache watakaoiona. Ujumbe wa kundi unaweza kupangwa ufutike wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na kuna njia ya kutuma picha inayofunguka mara moja tu. Njia hizi zinasaidia, ila hazizuii mtu kuipiga picha hiyo kwa simu ya pili. Wanaohifadhi picha kwenye albamu ya mtandaoni na kuwatumia ndugu linki wajue kwamba mara nyingi yeyote atakayeipata linki hiyo ataweza kuifungua. Na simu ikipelekwa kwa fundi au ikiuzwa, picha ziondolewe kwanza.

Kwa baba aliye ng'ambo, simu ya video ni bora kuliko picha kumi. Anamwona mtoto akinyoosha mikono, anamsikia akilia, naye mtoto anaizoea sauti yake. Mazungumzo yakiisha, kwa kawaida hakuna kilichobaki kwenye simu cha kusambazwa.

Wengi watauliza: mama mkwe ataambiwaje? Ni kweli, mke mgeni hawezi kumpangia mama mkwe. Basi kila mtu azungumze na wa kwake. Mwana amwambie mamake, na binti amwambie mamake, kwa adabu na faraghani, wala si ndani ya kundi mbele ya watu. Maneno hayahitaji kuwa makali: "Mama, picha hii ni yako wewe. Wakitaka kumwona mjukuu wako, waambie waje nyumbani wamwone." Bibi akiambiwa hivyo hanyang'anywi mjukuu. Anapewa kazi ya kumlinda, na mabibi wanaijua kazi hiyo kuliko yeyote.

Na kama picha imeshatoka? Aliyeiweka aombwe kwa upole aiondoe. Wengi hutii wakielezwa. Iliyotumwa kimakosa kwenye WhatsApp inaweza kufutwa kwa wote ndani ya siku 2. Picha ya mtoto ikitumiwa kuomba pesa, zihifadhiwe nambari ya simu na maneno yaliyoandikwa, kisha taarifa ipelekwe polisi. Ikiwa ni picha ya uchi au ya kudhalilisha, isitumwe kwa mtu mwingine hata kwa nia ya kuonya, maana kila anayeisambaza anamuumiza mtoto tena. Apigiwe simu afisa wa watoto, au ipigwe nambari 116, ambayo hailipiwi na hupokelewa usiku na mchana. Na kama ni shule, hospitali au biashara iliyoitumia picha bila idhini, mzazi anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Mtoto wa mwezi mmoja hana neno la kukubali wala la kukataa. Neno lake liko kwa wazazi wake. Wanaorudi wiki ijayo kwa chanjo waje wameshazungumza nyumbani: kundi lina watu wangapi, na nani amepewa jukumu la kumwambia bibi. Atakayekwama kwenye mipangilio ya simu aje nayo. Wahudumu wa afya ya jamii watakuwapo kumsaidia wakati wa foleni ya uzani.