Kompyuta Inapogoma Kuzimika

Leo nazungumza hasa na wenye steshenari, na wanafunzi wa Malimbe, Mwanza, wanaochapa tasnifu.

Umebonyeza kuzima, kompyuta ya Windows inakuandikia kwamba kuna programu inayozuia. Tafadhali, usichomoe waya. Kabla ya kuzimika, kompyuta huitaka kila programu ijifunge, na kwa kawaida huisubiri sekunde 5 hivi. Isipojibu, inakuuliza wewe. Mara nyingi sababu ipo: barua haijahifadhiwa, au kuna kazi iliyokwama kwenye foleni ya printa. Basi ghairi kuzima, rudi, hifadhi kazi ya mteja.

Ukikuta programu imeganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha ya programu zinazoendelea. Chagua iliyoganda, kisha bonyeza palipoandikwa End task. Utapoteza tu kile ambacho hukukihifadhi, na ndiyo maana nawasihi: Ctrl na S kila mmalizapo aya, hasa wa tasnifu!

Ikigoma kila jioni, sasisha programu hiyo, au iondoe uiweke upya. Skrini ikisimama kabisa, hata mausi haisogei, ndipo ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi. Lakini ukiona Windows inajisasisha, iache imalize, hata ikichukua nusu saa. Kama umeme wa mtaani kwenu unakatika-katika, sasisha laptopu ikiwa na chaji ya kutosha.